Watu wa Kuitwa Tena

Sista Namatovu alizikwa Jumamosi, saa kumi alasiri, katika shamba la migomba la ndugu zake nje kidogo ya Kampala, na mimi nilisimama nyuma kabisa, pamoja na watu ambao wafiwa huwaangalia wakijiuliza hawa nao ni akina nani. Watu walipoanza kutawanyika, mwanamke mmoja wa makamo, binti wa kaka yake marehemu, alinifuata akaniuliza kama mimi ndiye Zuhura wa chanjo. Nikasema ndimi. Akanikabidhi kifurushi kilichovingirishwa kwenye mfuko wa plastiki na kufungwa kwa bendeji, bendeji hasa ya hospitali, fundo lake limekazwa vizuri. "Senga alisema upewe wewe mkononi," aliniambia, maana huko shangazi huitwa senga. "Alisema tukikukosa, tukichome." Nilijua kilichomo kabla sijakipapasa. Lilikuwa lile daftari gumu la jalada jeusi. Leo ni siku ya nne liko mezani kwangu na bado sijalifungua. Mtu wa umri wangu, aliyekwisha kuzika mume na meno, haifai aogope daftari. Lakini naliogopa, na sababu naijua. Kwa karibu miaka hamsini nimetembea na swali moja tu: je, Sista aliponiambia nisirudi tena kazini, alinifukuza kwa sababu nilinyamaza? Hakuna mwingine aliyeweza kunijibu, na wakati alipokuwa hai sikuwahi kwenda kumuuliza.

Jana nilikwenda zahanati ya hapa Ntinda kuchanjwa ile sindano wanayotupa wazee siku hizi. Muuguzi, kijana mpole wa kiume mwenye ndevu tatu, aliniuliza maswali yake, na alipofika penye dawa ninazomeza akasita. "Ngoja kidogo, jajja, niangalie mwongozo," akasema, maana huku bibi huitwa jajja, akatoa simu mfukoni, akaipapasa kwa kidole gumba, na kabla sijamaliza kukunja mkono wa gauni jibu lilikuwa limekwisha kutoka. Nikacheka. Akaniuliza nacheka nini. Nikamwambia zamani zetu mwongozo ulikuwa mmoja, ukivaa viatu vyeupe, ukikasirika haraka, na ukienda kula ilibidi tuusubiri urudi. Alitabasamu kama watu wanavyowatabasamia wazee, akanichoma sindano vizuri sana. Nilirudi nyumbani nikakaa mbele ya kifurushi, nikaanza kuukumbuka mwaka ule.

Ulikuwa mwaka uliofuata kufukuzwa kwa Wahindi nchini. Chumba namba nne kilikuwa mwisho wa ujia, ghorofa ya chini, katika jengo la serikali ambalo sitalitaja kwa kuwa bado lipo na waliomo leo hawana kosa. Kilikuwa na dirisha moja lililotazama ukuta, meza mbili, friji, jiko la umeme la kuchemshia sindano na benchi refu lililowekwa nje ya mlango, ujiani. Hapo ndipo watu wazima walipochanjwa, na karibu wote walichanjwa kwa sababu ya safari. Bila ile kadi ya manjano, yenye muhuri wa ndui, kipindupindu na homa ya manjano, hukupita uwanja wa ndege wala mpaka. Mlango wetu ulikuwa haufungiki vizuri, kwa hiyo tulisikia kila lililosemwa kwenye benchi, na lililosemwa lilikuwa lile lile. Huyu anakwenda Nairobi kumwona dada. Yule anakwenda Kisumu kwenye harusi ya dada. Profesa mmoja, mzee wa miwani minene, alikuwa akienda London kumwona dada, na mkewe aliyekaa kando yake akasema kwa sauti ya chini, "Dada yupi tena? Tulikubaliana ni mjomba." Hakuna aliyecheka. Uganda nzima mwaka ule ilikuwa na dada zake nje. Sista alinifundisha siku ya kwanza kwamba sisi tunauliza juu ya ujauzito, juu ya homa, juu ya mizio, lakini mtu anakokwenda hatumuulizi. "Kadi haina mahali pa kuandika hiyo," alisema. "Kwa hiyo hatuna haja na hiyo."

Alikuwa mfupi, mwenye mwanya, na kila asubuhi alipaka viatu vyake chokaa. Kiingereza alikisema kama mtu anayesoma risala; Kiswahili alikisema kwa kulazimika, akichanganya r na l kama Waganda wengi, na bila kuficha kwamba kwake kilikuwa lugha ya askari na ya wezi. Mimi niliajiriwa kwa sababu hiyo hiyo. Foleni ilikuwa inazidi kuwa ya askari, na kwetu sisi, Waislamu tuliotokana na wafanyabiashara wa pwani, Kiswahili ndicho tulichoamkia. "Zuhula," alikuwa akiniita, na sikuwahi kumsahihisha, "waambie hao wasivue mashati yote. Ni mkono tu. Hii si bahali." Kazi tuliigawana hivi: mimi niliuliza maswali na kuchoma, yeye aliandika kadi, rejesta na lile daftari. Kuandika hakuniachia kabisa. Nilikuwa nimejifunza herufi za Kiarabu chuo cha Kurani kabla ya hizi nyingine, na mkono wangu ulibaki na tabia hiyo. Maandishi yangu yalilalia kushoto, na nukta niliziweka kama vikete vidogo. Tena nilikuwa na kalamu yangu mwenyewe ya wino, yenye ncha iliyokatwa mshazari, ambayo sikumwazima mtu. Herufi za Sista zilisimama wima kama wanafunzi gwarideni. Aliutazama mwandiko wangu siku moja kwenye karatasi ya kuombea spiriti, akasema, "Hizi helufi zimechoka? Mbona zote zimelala?"

Daftari lenyewe aliliandika kwa Kiingereza, sakafuni kwa daktari mmoja mgeni. Daktari huyo alipokuwa anafunga masanduku yake kuondoka, Sista alimwendea akakaa chini siku mbili akinakili vitabu vyake kabla havijaingia sandukuni, maana alijua havitakuja vingine. Yote yalihusu chanjo za watu wazima. "Kuchanja mtoto, nchi nzima inajua," alikuwa akisema. "Mtoto analetwa na mama yake, mama anasema kweli. Mtu mzima anajileta mwenyewe, na mimba, na pulesha, na uongo." Humo mliandikwa dawa ipi haipewi mjamzito, ipi haichanganywi na ipi, na kwamba ile ya homa ya manjano ikishakorogwa na maji yake hutupwa baada ya saa moja hata kama imebaki nusu. Pembeni aliongeza yake, ambayo daktari yule asingeyajua. Dawa ya homa ya manjano hukuzwa kwenye mayai, na kitabu kilisema umuulize mtu kama mayai humdhuru. Lakini wanawake wa Kiganda wa rika la mama zetu hawakuwa wakila mayai, ulikuwa mwiko. Nikiwauliza walinitazama kana kwamba nimewatukana. "Yai? Mimi? Sijaonja tangu kuzaliwa." Sasa utajuaje kama litamdhuru ambaye hajaonja? Sista aliandika pembeni: hao wakalishwe kwenye benchi nusu saa baada ya sindano, na mtu awatazame. Hao wamama walikaa nusu saa wakisuka mikeka na kututeta kwa Kiganda, wakidhani sikielewi. Kanuni ya tisa ndiyo iliyotuletea balaa, na naikumbuka neno kwa neno: aliyechomwa dawa yenye shaka, liandikwe jina lake na mahali anapopatikana, aitwe tena achanjwe upya. Akishakuja, iwekwe tiki mbele ya jina.

Mchana tulikula humo humo chumbani. Yeye alileta matoke kwenye jani la mgomba na mchuzi wa karanga, mimi chapati na bamia, na tuligawana bila kusema tunagawana. Sukari ilikuwa imepotea mjini, tukanywa chai kavu na Sista akakunja uso kila funda kama mtu anayeonja kwinini. Ulipofika Ramadhani hakula mbele yangu hata siku moja. Alibeba jani lake akaenda kulia kwenye stoo, akarudi akijipangusa mdomo, na kuniuliza kwa ukali kama mahujaji nimewaambia kwamba sindano haifunguzi. Nilimpenda. Nasema hivyo sasa bila kuzunguka, kwa sababu kwa miaka mingi nilijifanya kwamba nilimheshimu tu.

Friji ndiyo iliyotuangusha. Fundi aliyeijua alikuwa Mhindi, na alikuwa amekwenda na wenzake. Waliochukua duka lake walijua kuuza zilizomo, basi. Ikawa inaganda leo, kesho inatoka jasho. Tukaanza kutumia barafu ya samaki. Mama Furaha, Mkongomani aliyeuza samaki, alituletea kila asubuhi debe la barafu kutoka Luzira, upande wa bandari, na dawa za serikali zikawa zinanuka sato. Kuna siku mbili hakuja. Siku ya tatu alifika na debe la maji. "Banatufungia njia, mama," alisema, "maaskari banafungua kila kitu. Barafu yote iliisha kuwa maji mbele yangu." Sista aliutazama ule mstari mwekundu wa kipimajoto, akafungua friji, akatoa chupa zote za homa ya manjano na kuzipanga mezani kwa ajili ya kutupwa. "Hizi zimekufa," akasema. Tuliambiwa nyingine zingefika baada ya wiki moja au zaidi. Akaniambia niandike tangazo mlangoni. Sikuwahi kuliandika, maana kabla sijapata karatasi aliingia Luteni.

Huyu Luteni alivaa saa mbili, moja kila mkono, na nyuma yake ujia ulikuwa umejaa askari. Walikuwa thelathini na wanane, kutoka kambi ya Makindye na kwingine, wakipelekwa nchi za nje kwenye mafunzo baada ya mwezi mmoja. Alitaka kadi zote leo. Sista alimweleza, kwa Kiingereza kwanza, kisha kwa Kiswahili chake, kwamba dawa imeharibika kwa joto na haimkingi mtu. Luteni alizitazama chupa zilizopangwa mezani.

"Si iko hapa? Naona dawa. Wewe nasema hapana dawa?"

"Iko, ssebo," alisema Sista, akimwita bwana kwa Kiganda, "lakini imekufa."

"Dawa nakufa namna gani? Iko na roho?" Askari wakacheka. Akaegemea meza. "Sikia, mama. Mimi nasema piga. Kadi iko na muhuri, mimi naenda. Mimi hapana rudi hapa kesho, na wewe hapana taka mimi rudi kesho."

Sista akavuta kiti. Akachukua rundo la kadi. "Zuhula," aliniambia kwa Kiingereza, bila kuniangalia, "wachome. Haitawadhuru, wala haitawafaa. Na kila unayemaliza, kanuni ya tisa. Andika wewe, mimi mikono yangu imejaa." Akanisukumia daftari. Ndivyo nilivyoandika humo kwa mara ya kwanza, kwa kalamu yangu, juu ya ukurasa mtupu baada ya maandishi yake: Watu wa kuitwa tena.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja na nilitaka sana kuonekana mwangalifu. Kanuni ilitaka jina na mahali. Mimi niliandika jina, namba ya jeshi, kambi, na kwa kuwa walikuwa vijana na walijivuna na mimi niliwasikiliza, niliandika pia nchi kila mmoja anayopelekwa na wiki atakayoondoka. Nikapiga mistari nikatenga safu. Ilipendeza. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Tena nilikuwa nimeambiwa tangu siku ya kwanza kwamba wanakokwenda watu hatuulizi. Nilidhani kanuni ile ilikuwa ya raia tu. Sista aliufunga ukurasa jioni bila kuusoma, amechoka, na alipousoma kesho yake alinitazama kwa muda mrefu. "Dawa mpya ikija tutawaita halaka," alisema, "halafu tunachana huu." Sikuelewa kwa nini tuuchane, na nilisononeka kidogo kwa ajili ya safu zangu.

Dawa mpya ilikuja siku ya kumi. Siku ya kumi na mbili walikuja watu wawili wa mashati ya maua, vazi la makachero wa serikali siku zile. Hawakuja kwa ajili ya Luteni. Yule profesa wa dada wa London alikuwa ameponyoka nje ya nchi pamoja na mkewe, na kadi yake ilitoka kwetu. Walitaka rejesta. Waliipekua, mmoja akisoma na mwingine akifungua madroo, na kwenye droo ya Sista wakakuta daftari jeusi. Yule msomaji alipita kurasa za Kiingereza upesi upesi mpaka akafika kwenye ukurasa wangu. Hapo akakaa. Nakumbuka kidole chake kikishuka kwenye safu, jina, namba, kambi, nchi, wiki, na mimi nikisoma pamoja naye kwa mara ya kwanza kama mtu mwingine angeusoma. Nikajua nimefanya nini. Nikashika ukingo wa meza ya sindano.

"Hii nini?"

"Wagonjwa," alisema Sista. "Walichomwa dawa mbaya. Tunawaita tena."

"Askari wa serikali nakwenda wapi, siku gani, hiyo ni ugonjwa?" Akageuza ukurasa nyuma, akageuza mbele. "Huku iko mkono moja. Hapa iko mkono ingine. Huku Kingereza, hapa Swahili. Nani naandika hii?"

Kalamu yangu ilikuwa mfukoni mwa aproni, kofia yake ikichungulia. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nimeupima muda ule mara nyingi tangu siku hiyo, na haukuwa mfupi. Ulitosha kabisa kusema neno "mimi".

"Ni mimi," alisema Sista. "Nikiwa na halaka naandika hivyo."

"Na Swahili?"

"Iyo foleni yote ni ya Waswahili. Nifanyeje?"

Yule mtu alimtazama, akanitazama, akafunga daftari. "Tutaona kama unaandika hivyo," alisema. Wakamchukua pamoja nalo. Mlangoni Sista aligeuka akaniambia, kwa sauti ile ile ya kila siku, nisisahau kusoma kipimajoto saa nane. Nilikisoma. Ilipofika saa nane nilikisoma na nikaandika kwenye karatasi kwa penseli, herufi kubwa za kuchapa, na baadaye nikaichana hata hiyo.

Siku sita zilizofuata nilifungua chumba asubuhi na kukifunga jioni. Watu wa benchi walijua. Benchi hujua kila kitu. Nilimsikia mmoja akisema amepelekwa Makindye, na mwingine akajibu kwa Kiganda kwamba basi waanze kutafuta sanda. Sikulia. Nilichemsha sindano, nikanoa zilizobutuka, nikala chapati zangu peke yangu, na kila siku niliamua kwamba kesho nitakwenda kusema. Nyumbani walinishauri nitulie, kimya ni ngao. Nilitulia. Sitajitetea kwa umri.

Siku ya sita, kabla ya adhuhuri, lori la jeshi lilisimama nje, nikasikia buti ujiani. Mbele yao wote alikuja Sista Namatovu, daftari kwapani, viatu vyake bila chokaa. Nyuma yake walikuja wale thelathini na wanane na Luteni wao, safari hii bila maneno. Nilikuja kusikia baadaye, kutoka kwa mmoja wa askari hao niliyemfunga pamba, kwamba huko kambini tabibu mmoja wa jeshi alipewa daftari asome, akasoma mpaka kanuni ya tisa, akaenda kumwuliza mkubwa wake kama anataka vijana wake wakafie ugenini kwa homa. Sista hakunisalimu. Alikwenda kwenye friji, akafungua, akasoma kipimajoto. "Chemsha sindano," alisema. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vimefungwa kitambaa kichafu. Wa kulia walikuwa wameuacha. Nilichoma thelathini na wanane kwa dawa nzima, baridi, isiyonuka chochote, na yeye alikaa mezani akiandika, mkono wa kushoto ameuzungushia daftari kama mtoto wa shule anayezuia hesabu zake zisiibwe. Nilidhani anauficha mkono wenyewe.

Walipoondoka nilibaki nimesimama katikati ya chumba. Nilikuwa nimeyaandaa maneno siku sita na nikaanza, "Sista, siku ile mimi..." Akainua mkono wa kulia kunizuia.

"Zuhula, kesho usije."

Nikasema sikuelewa.

"Kuna balua hapa ya Jinja. Wanataka mchanjaji. Ondoka kesho na basi ya asubuhi. Hapa usilejee, na usiniandikie." Alinyosha kiganja. "Na kalamu. Iache."

Nilimpa. Ilikuwa ya moto kutokana na mwili wangu. Alikuwa na haki ya kuniondoa. Hilo nililikubali pale pale. Lakini kuninyang'anya na kalamu niliona ni adhabu juu ya adhabu, kama mwalimu anayemvua mwanafunzi sare mbele ya darasa, na nilitoka nikiwa na aibu na hasira pamoja, na hasira ikanisaidia kupanda basi. Nilifanya kazi Jinja miaka miwili, nikaolewa Mombasa, nikazaa, nikawa mjane. Nilirudi Kampala uzeeni, nikapanga nyumba hapa Ntinda. Niliambiwa Sista yu hai, ng'ambo ya mji. Ni mwendo wa nusu saa barabara ikiwa nyeupe. Miaka saba nilisema nitakwenda, na sikuenda, kwa kuwa nilijua atakaloniambia.

Nimelifungua daftari sasa hivi. Fundo lilinishinda, nimekata bendeji kwa mkasi. Kwanza iliniangukia mapajani kalamu, yangu, ncha imeota kutu. Kisha kurasa za Kiingereza, wima, kama nilivyoziacha. Kisha ukurasa wangu na safu zangu, tiki mbele ya kila jina. Nikageuza, nikitegemea mwandiko wa Sista, nikakuta wangu tena. Majina yale yale thelathini na wanane, yameandikwa upya, herufi zimelalia kushoto lakini kwa shida, kama mtu anayetembea na kiatu cha mwenziwe. Ukurasa uliofuata, majina yale yale, yamelala vizuri zaidi. Na uliofuata. Kufikia orodha ya tano hata mimi nisingeapa kwamba sikuiandika; nukta zake ni vikete. Pembeni kuna doa la kahawia ambalo muuguzi hahitaji kuambiwa ni la nini. Hizo ndizo siku sita za Makindye. Walimwambia aandike waone, naye akaandika mpaka wakaona.

Nikaendelea kugeuza. Wiki moja baada ya mimi kuondoka, mwezi, mwaka, miaka: joto la friji, dawa zilizoingia, kanuni mpya alizozipata sijui wapi, zote kwa Kiswahili, zote kwa mkono wangu. Kila baada ya kurasa kadhaa kuna muhuri mdogo na sahihi ya mtu ya kwamba amekagua. Walikuwa wanarudi kutazama. Wangeweza kuingia siku yoyote, na siku hiyo katika chumba namba nne ilitakiwa wakute mwandiko huo, na mtu mmoja tu mwenye mwandiko huo. Ningebaki, ningeandika hata orodha ya spiriti, tungekwisha wote wawili. Nililia kwa sauti, peke yangu mezani, bibi mzima.

Karibu na mwisho, katika mwaka ule askari walipoukimbia mji, utawala wao ulipoanguka, herufi zinasimama. Hakuna maelezo. Ukurasa mmoja zimelala, wa pili ziko wima kama zamani, na jambo la kwanza aliloliandika kwa mkono wake mwenyewe, baada ya miaka yote ile, ni kichwa cha habari: Watu wa kuitwa tena. Chini yake kuna jina moja, Zuhula. Mbele yake, mahali panapoandikwa mtu anapopatikana, ameandika Jinja, akapiga mstari; Mombasa, akapiga mstari; halafu hakuna kitu. Nafasi ya tiki iko wazi.

Nimechukua kalamu ya wino wa kawaida, kwa kuwa ile yangu haiandiki tena. Mbele ya Mombasa nimeandika Ntinda, herufi zimelala. Kisha nikaweka tiki.